Meza ya Mfanyakazi Bora

Askari wa geti kubwa aliwaona wangali ng'ambo ya barabara, akaanza kutikisa kichwa kabla hawajavuka. Walipomfikia alitabasamu, lakini mkono wake haukutoka kwenye kikwazo cha chuma.

"Krismasi njema, Mama Purity. Mbona mmepitia huku? Lango lenu ni lile la ufuoni."

"Nalijua, Kadenge. Nalipita kila siku," Sidi alimjibu. "Leo nimekuja kula."

Kadenge aliwatazama mmoja mmoja. Sidi mwenyewe alikuwa amevaa gauni la kitenge la rangi ya samli, nywele zimesukwa upya. Nyuma yake alisimama mumewe, Ziro, mwanamume mwenye mabega mapana, shati lake jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni. Kando yake, bikizee Nyale, mamake Ziro, aliyefika jana kutoka Kaloleni, alikuwa amemshika mkono mjukuu wake mdogo, Furaha. Purity, binti mkubwa, msichana wa sekondari, alijitenga hatua chache kana kwamba hawajui hawa watu.

"Mimi sina neno," Kadenge alisema kwa sauti ya chini. "Lakini madam amesema wafanyakazi wasipite mbele leo. Wageni ni wengi."

"Leo mimi si mfanyakazi. Uliza kwa redio."

Aliuliza. Wakasubiri juani huku magari yakipita, kikwazo kikipanda na kushuka, na kila kinaposhuka Ziro alijifuta shingo kwa kiganja. Gari moja jeupe lilisimama, dirisha likateremka, mtoto mmoja wa ndani akamtazama Furaha kama anayetazama kitu dukani. Kisha dirisha likapanda.

"Nilikwambia tubaki nyumbani," Ziro alisema.

"Umeniambia wiki nzima, Baba Purity. Nimesikia."

Redio ikakoroma. Kadenge akainua kikwazo.

Kila mwaka Hoteli ya Mkungu ilimtuza mfanyakazi wake bora. Mwaka mmoja ilikuwa chupa ya chai, mwaka mwingine mwavuli wenye jina la hoteli. Mwaka huu mwenye hoteli alikuwa amebuni jambo jipya: mshindi angekula chakula cha mchana cha Krismasi pamoja na familia yake, kwenye ukumbi mkubwa, kama mgeni yeyote. Sidi Lewa wa udobini ndiye aliyeshinda. Picha yake ilibandikwa karibu na jikoni, na watu wa bustanini walimpigia makofi. Alipofika nyumbani Mtopanga na habari hiyo, Furaha alirukaruka mpaka akagonga jiko. Ziro alilirudisha jiko mahali pake. Tangu kiwanda cha saruji kilipopunguza vibarua wa kupakia mifuko, Ziro akiwemo, unga ndani ya nyumba ile ulikuwa ukiletwa na mkewe, na hilo alikuwa amejifunza kulimeza. Lakini Krismasi? Tangu akiwa mdogo huko Kaloleni alijua kwamba siku ile ni baba anayeita watu mezani.

Sidi aliyajua hayo, na ndiyo maana hakubishana. Alitaka siku moja tu ya kuketi, watoto wake waketi, na mtu mwingine aje aondoe sahani.

*

Mhudumu aliyewapokea alikuwa Phineas, kijana wa bara aliyezoeana na Sidi. Aliinama kidogo mbele ya bikizee. "Shikamoo, mama. Karibu sana."

"Marahaba, mwanangu," Nyale akajibu, akafurahi. Aliinua kidevu alipopita bwawa la kuogelea, akayatazama maji yale ya buluu bila kuonyesha kwamba hajawahi kuyaona.

Phineas aliwapitisha katikati ya ukumbi, kwenye meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe na maua mekundu. Akaendelea kwenda. Akapita meza za dirishani, akapita meza za katikati, mpaka nyuma ya nguzo nene iliyo karibu na mlango wa jikoni. Hapo palikuwa na meza moja ya watu watano. Juu yake hapakuwa na maua, ila kikaratasi kigumu kilichosimamishwa, kimeandikwa "WAFANYAKAZI".

"Si mimi niliyepanga, dada Sidi," Phineas alinong'ona.

Sidi alikilaza kile kikaratasi kifudifudi na kukiwekea glasi juu. Purity aliona. Akaketi na kuipa nguzo mgongo.

"Mlango huu unatupigapiga," bikizee alisema, maana kila mhudumu aliyetoka jikoni aliusukuma kwa kiuno na ukakaribia kumgusa kiti.

"Hapa ni karibu na chakula, mayo," Sidi akamjibu. "Kitatufikia kikiwa moto."

Chakula kilikuwa kimepangwa kwenye meza ndefu, kila mtu akijipakulia. Kulikuwa na samaki wa kupaka aliyelala na kichwa chake, mbuzi mzima wa kuchoma akikatwa na mpishi mwenye kofia ndefu, kuku, biriani, mboga za rangi ambazo bikizee alikataa kuamini kuwa ni mboga, na upande wa mwisho keki zilizojengwa kama nyumba. Furaha alisimama mbele ya zile keki akasahau kufunga mdomo. Sidi alimwona, akahisi kitu kikimlegea kifuani. Hiki ndicho alichokijia.

Ziro alijipakulia wali kidogo na kipande kimoja cha nyama.

"Ongeza, Baba Purity. Ni ya kwetu leo."

"Inatosha."

Nyale hakuwa na aibu hiyo. Alikuwa akinyoosha mkono achukue kipande cha pili cha samaki wakati kiatu cha kisigino kilipogonga sakafu nyuma yao. Alikuwa Lynnette, msimamizi wa ukumbi, yule ambaye wote walimwita madam. Mwanamke mrembo, mwenye sauti ya upole inayofika mbali.

"Karibuni, karibuni familia. Mmependeza jamani! Ila tusijaze sana, eh? Kuna wageni hawajafika mezani bado."

Alisema huku akicheka, akamgusa bikizee begani na kupita. Nyale alikirudisha kile kipande cha samaki. Mgeni mmoja aliyesimama nyuma yake akakichukua papo hapo.

Walirudi mezani. Uma ziligonga sahani, na bendi ilikuwa ikiimba nyimbo za Krismasi kule mbele. Sidi alimkatia Furaha nyama, akamsogezea bikizee samaki wake mwenyewe, akasema maneno mengi kuhusu hiki na kile: jinsi mpishi mkuu alivyo mkali, jinsi vitambaa hivi vya meza vinavyonyweshwa wanga mpaka visimame.

"Umevifua wewe?" Furaha akauliza.

"Mimi na Abubakar."

Abubakar alikuwa mwenzake wa udobini. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi kiasi cha kujuana kikohozi. Sikukuu ya Idi, Sidi humshikia zamu. Krismasi, Abubakar humshikia yeye. Asubuhi ile alikuwa amempigia simu. "Nenda kale, Sidi. Na usije kuchungulia huku. Nikikuona nitakurushia maji wallahi." Sidi alicheka, ingawa alijua kwamba wenzao wawili walikuwa wamepewa likizo bila mtu wa kuwashikia nafasi, na kwamba kazi ya watu wanne leo ilikuwa mikononi mwa mmoja.

*

Walikuwa hawajamaliza sahani ya kwanza Lynnette aliporudi. Safari hii hakucheka. Alichutama kando ya kiti cha Sidi, kama watu wanavyochutama wakitaka kumbembeleza mtoto.

"Sidi, mpenzi. Nisaidie."

"Kuna nini, madam?"

"Ile karamu ya jioni. Vitambaa vya ukumbi wa pili havijapigwa pasi hata nusu. Naomba saa moja tu. Ukimaliza unarudi, chakula hakiendi mahali."

"Abubakar yuko."

Lynnette alitazama pembeni. "Amelemewa kidogo."

Sidi aliweka kisu chini. Alihisi macho ya watu wake wanne, kila mmoja akitazama kwa namna yake. "Madam, leo nimepewa. Mkubwa mwenyewe alisema mbele ya watu."

"Na nani kakunyang'anya? Saa moja, Sidi."

"Amekuja kula," Ziro alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kufungua mdomo tangu warudi mezani, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wa meza iliyo karibu waligeuka. Lynnette aliinuka polepole, akanyoosha sketi yake.  Alimtazama Sidi peke yake.

"Kandarasi yako inaisha lini vile?"

"Mwisho wa mwezi, madam. Unajua."

"Ninajua. Basi maliza sahani yako, halafu nikuone kule nyuma." Akaenda zake.

Lynnette hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Asubuhi hiyo alikuwa amewaona wanawe kwenye simu, wako Bungoma kwa nyanya yao, wamevaa nguo alizowatumia, na mdogo alikuwa amekataa kumwamkia. Mwenye hoteli angefika jioni na wageni wake wakubwa. Mwaka uliopita msimamizi aliyekuwa kabla yake aliondolewa kwa sababu ya supu iliyopoa. Alikuwa akitembea siku nzima na hofu ya kumfuata, na watu wenye hofu ya namna hiyo huitua kwa walio chini yao.

Kule mezani Ziro alisukuma sahani. "Huendi."

"Umesikia alivyosema."

"Nimesikia. Ndiyo maana nasema huendi. Ukiinuka hapa sisi tutabaki kuwa nini? Watu waliokuja kula jasho lako na wewe uko kule nyuma ukilitoa?"

"Na Januari nikifungiwa lango, tutakula nini, Ziro?"

Alimwita kwa jina, mbele ya mamake. Mishipa ya shingo ya Ziro ikasimama. Purity akasema, "Mama, tafadhali, watu wanatuangalia," na Furaha, aliyekuwa na mdomo mweupe wa krimu, akaacha kutafuna.

Bikizee Nyale ndiye aliyesema kwa utulivu. "Mke wa Ziro, kaa ule. Mtu haitwi mezani na kuinuliwa mezani. Hata mbwa hafanyiwi hivyo."

Sidi alikaa. Alikata kipande cha kuku, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa muda mrefu. Hakikuwa na ladha. Lakini alikuwa ameamua kukaa, na uamuzi huo ulimwogopesha na kumpumzisha kwa pamoja.

*

Phineas alikuja na soda ambazo hakuna aliyeziagiza. Alizipanga mezani moja moja, polepole mno, akajifanya anafuta maji yasiyokuwapo.

"Dada Sidi," alisema bila kusogeza midomo sana. "Abu ameungua."

"Nini?"

"Ile mashine ya roli ya kupigia pasi imemvuta mkono. Umeungua mpaka hapa." Akagusa chini ya kiwiko chake.

"Saa ngapi?"

"Kabla nyinyi hamjafika."

"Yuko hospitali gani?"

"Yuko hapo udobini, sakafuni. Magari yote yamekwenda uwanja wa ndege kuchukua wageni wa jioni. Madam amesema likirudi moja ndiyo apelekwe." Akachukua trei yake. "Sijakwambia mimi."

Sidi alisimama. Ziro akamshika kifundo cha mkono.

"Keti."

"Abubakar ameungua."

"Ni maneno yao hayo ya kukutoa."

"Phineas hawezi kunidanganya. Niachilie."

"Sidi, ukienda sasa hivi..." Hakuimaliza. Mkono wake ulibaki pale, nao wawili wakatazamana juu ya sahani za mifupa. Kisha Sidi aliuchomoa mkono wake, akausukuma mlango wa jikoni kwa kiuno kama wafanyavyo wahudumu, akatoweka.

Ziro alibaki na uma mkononi. Bendi ilikuwa imeanza wimbo mwingine wa furaha. Mamake alimtazama mpaka akashindwa kuendelea kutazama sahani.

"Nini, mayo?"

"Huyo aliyeungua, ana mke?"

"Anaye. Nasreen. Walikuja nyumbani matanga ya baba."

"Ndiye yule aliyeleta mchele akakaa nasi mpaka tulipoanua?"

"Ndiye."

 Nyale alichukua kitambaa cha mkono, akaanza kumpangusa Furaha mdomo, kwa nguvu, kama anayejiandaa kuondoka.

*

Udobini kulikuwa na joto la mvuke na harufu ya wanga ulioungua. Abubakar alikuwa ameegemezwa kwenye rundo la shuka chafu, miguu imenyooka, uso umekuwa na rangi ya majivu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa cha meza kilicholoa. Pale kilipoachia, ngozi ilikuwa imenyanyuka na kung'aa. Alikuwa akitetemeka ingawa chumba kilikuwa kama tanuri.

"Nilikwambia usije," alisema alipomwona.

Sidi alipiga magoti. "Umekunywa maji?"

"Nimekunywa. Sidi, vidole sivisikii."

Lynnette alikuwa amesimama kando ya mashine, simu sikioni. Aliishusha. "Afadhali umekuja. Nimempigia dereva mara nyingi. Ndege imechelewa. Ikitua tu..."

"Madam, huyu mtu hawezi kungoja ndege."

"Nimemwekea maji baridi. Nimempa dawa ya maumivu. Mimi si daktari, Sidi, nifanye nini?"

"Kuna tuktuk pale geti kubwa. Ziko tele."

"Na atafikaje geti kubwa?"

Wote watatu walijua. Mlango wa nyuma wa udobi ulitokea ufuoni, na kutoka pale hadi barabarani ilikuwa ni kuzunguka ukuta mzima wa hoteli kwenye mchanga mzito. Mtu mzima alichoka kuizunguka. Njia fupi ilikuwa moja tu: jikoni, ukumbini, katikati ya meza, hadi mapokezi.

"Si kupitia ukumbini," Lynnette alisema. "Watu wanakula, Sidi. Kuna watoto. Hebu fikiria wewe mwenyewe." Akateremsha sauti. "Anza na hivi vitambaa vichache tu, mimi nitoke nikatafute gari la mtu. Nisaidie nikusaidie."

Sidi aliinua macho. Katika miaka yake yote pale alikuwa ameambiwa mengi na akayaitikia yote kwa "abee, madam". Sasa alitafuta neno hilo kinywani, hakulipata.

"Unataka nipige pasi kwenye mashine iliyomla mkono," alisema, "na yeye amelala hapa ananitazama?"

 Macho ya Lynnette yalikuwa yamejaa maji, lakini hakusogea kutoka kando ya mashine.

Hapo Ziro aliingia. Alikuwa amepotea jikoni, mpishi mmoja akamwelekeza kwa mwiko. Alimtazama mkewe, akamtazama Lynnette, kisha akauona mkono. Kule kiwandani alikuwa ameona wenzake wakibanwa na mikanda ya mitambo, na aliwahi kuona mmoja akingojeshwa karani amalize chai. Uso wake ulibadilika.

"Abu," alisema, akichutama. "Unaweza kunishika shingo kwa mkono huu mzima?"

"Nitakuchafua shati, Ziro."

"Nishike."

Alimbeba mgongoni kama alivyobeba mifuko miaka yote, akainuka kwa magoti, Sidi akiushikilia ule mkono ulioungua usiguse kitu. Lynnette aliwazibia njia.

"Tafadhali. Si huko. Nitafukuzwa kazi, mnaelewa? Si huko."

"Nipite wapi, dada?" Ziro aliuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. "Nionyeshe pa kupita nipite."

 Lynnette akasogea.

*

Mlango wa jikoni ulipofunguka, wale wa meza za karibu waliona kwanza mwanamume aliyeinama, jasho likimchuruzika, na mtu mwingine juu ya mgongo wake. Waliacha kula. Ukimya ukasambaa meza kwa meza hadi ukaifikia bendi, mpiga gitaa akapoteza wimbo, mwimbaji akamalizia neno moja peke yake na kunyamaza. Ukumbi mzima ukawa unasikia pumzi za Ziro.

Viti vilikuwa vimesongamana. Ziro alikwama kati ya meza mbili, hana mkono wa kusukuma. Kutoka nyuma ya nguzo Purity alitoka mbio. Alimtangulia babake, akaanza kuvuta viti. "Samahani. Samahani, tupisheni. Mgonjwa anapita." Msichana yule aliyekuwa ameona haya tangu barabarani sasa aliwashika wageni mabega na kuwasogeza, na wao wakasogea. Bikizee Nyale alifuata na Furaha mgongoni mwake, kichwa juu, hakumtazama mtu.

Lynnette alikuwa kando yao, akitabasamu kwa midomo iliyokauka. "Ni ajali ndogo tu. Endeleeni, tafadhali. Ajali ndogo."

"Mwili mzima unatetemeka, unaita ndogo?" mwanamke mmoja wa meza ya dirishani alisema kwa sauti. Mumewe alikuwa ameinua simu, anapiga picha. Mzee mwingine, mgeni, aliinuka akakimbilia mapokezi akiuliza gari, gari liko wapi, na watu wa mapokezi wakaanza kugongana.

Hawakulingoja. Kadenge alipowaona alikiinua kikwazo bila kuuliza redio, akapiga mluzi kwa vidole viwili. Tuktuk ikaja kinyume cha magari. Wakamwingiza Abubakar, Sidi akaketi akiwa amemshikilia mkono, Ziro akajibana mbele na dereva. Nyale na wasichana wakachukua nyingine nyuma yao. Chakula chao kilibaki mezani, soda hazijafunguliwa.

*

Hospitali ya serikali, siku ya Krismasi, ilikuwa na benchi refu na watu wengi: waliopigana, mtoto aliyemeza kitu, mzee aliyezidiwa na presha. Lakini muuguzi alipoufunua ule mkono alimwita daktari papo hapo, na Abubakar akapitishwa.

Nasreen alifika baadaye, buibui limekaa upande, kiatu kimoja tofauti na kingine.  Alimkumbatia Sidi, kisha akamshika Ziro mikono yote miwili, jambo ambalo siku nyingine asingelifanya, akabaki kulia. Daktari alitoka akasema vidole viwili hana uhakika navyo, lakini mkono upo. Kama wangezidi kuchelewa angekuwa anawaambia maneno mengine. Nasreen akaingia kumwona mumewe.

Ndipo simu ya Sidi ilipolia. Aliitazama ikilia, kisha akaipokea.

"Sidi." Sauti ya Lynnette ilikuwa imechoka. "Anaendeleaje?"

"Yuko kwa daktari, madam."

"Nashukuru Mungu." Akashusha sauti. "Sikiza. Mkubwa amepigiwa simu na wageni. Amewaka. Anataka jina la mtu. Ukirudi sasa hivi tukafanya hivi vitambaa, naweza kumwambia ulikuwa na mshtuko, hukujua unachofanya. Usiporudi, sitaweza kukutetea. Hata mimi sijui kama nitakuwapo."

Ziro alikuwa ameketi kando, shati lake lina madoa ya maji na damu hafifu. Alisikia yote. Sidi alimtazama akingoja amkataze, amwambie nenda, aseme lolote. Ziro alitikisa kichwa kidogo.

"Mimi leo sina amri," alisema. "Lolote utakalosema, niko nawe."

Sidi aliirudisha simu sikioni. "Madam, leo ni Krismasi. Niko na familia yangu."

"Basi usirudi, Sidi. Hata Jumatatu."

"Nimesikia, madam." Hakukata kwa hasira. Alingoja mpaka Lynnette akate mwenyewe.

Alikaa na simu mapajani. Alifikiria Januari, karo ya Purity, kodi, majirani watakaouliza mbona haondoki alfajiri.  Purity, aliyekuwa amesimama ukutani, alikuja akaketi karibu naye, bega kwa bega.

"Hawe," Furaha alimwambia nyanya yake, "nina njaa."

Mtoto alikuwa amekula krimu na vipande vichache vya nyama. Wengine nao hawakuwa wameshiba. Nje ya lango la hospitali hoteli ndogo zote zilikuwa zimefungwa, ila mama mmoja aliyekuwa na karai la mafuta chini ya mwavuli, anakaanga viazi. Ziro alitoka, akarudi na viazi karai vimefungwa kwenye gazeti na achari ya ukwaju kwenye mfuko. Akavifungua juu ya benchi, katikati yao. Bikizee akachukua cha kwanza, akakipuliza, akakila chote na kujilamba kidole.

"Hivi," alisema, "nitakula mpaka nitakapoambiwa na Mungu niache."

Purity alicheka, akaziba mdomo kwa sababu ya wagonjwa. Sidi naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye ukwaju na yakamuwasha zaidi. Ziro alimpa upande safi wa mkono wa shati lake.

"Kwa hiyo imekwisha?" alimuuliza taratibu.

"Imekwisha. Kesho kutwa sina kazi."

Ziro alitafuna. Alitazama mlango ambao Abubakar alipelekwa, akatazama mikono yake mwenyewe. "Kesho nitazunguka upande wa bandarini. Nimesikia wanatafuta wapakizi."

"Na mimi nitazunguka Nyali. Nguo za watu hazikosekani."

Gazeti lilikuwa limebaki na mafuta tu. Furaha alikuwa akilipapasa pembeni akitafuta vipande vilivyobanduka.

"Baba, vimekwisha," alisema.

Ziro alitia mkono mfukoni, akamtazama mkewe kwa macho ya kuuliza, maana nauli ya kurudi Mtopanga ilikuwa humo humo.

"Nenda kamwongezee," Sidi alisema. "Tutatembea."